Gari Likikosa Nguvu Mlimani
(Mazungumzo ya asubuhi redioni)

  Leo tumechagua jambo ambalo huenda wengine wenu mtalishangaa. Twataka kusema habari za gari la dizeli, tena gari kuukuu, ambalo nguvu zake zimepungua hata likashindwa kupanda mlima uliokuwa mchezo kwake zamani.

Msicheke kwanza. Katika parishi nyingi za nchi yetu gari la namna hiyo si pambo. Ndilo limpelekalo mama mjamzito hospitali usiku wa manane, wakati barabara ni matope matupu. Ndilo lichukualo mabati ya kuezekea kanisa, magunia ya mahindi, viti vya arusi, na jeneza la ndugu yetu anayerudishwa nyumbani kuzikwa. Gari hilo likishindwa, kuna mtu atakayeumia. Tena likishindwa, watu huanza kulaumiana. Na hapo ndipo jambo la gereji linapogeuka kuwa jambo la kanisa.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna parishi moja ya milimani yenye pikapu ya dizeli iliyotengenezwa miaka ya themanini. Zamani pikapu hiyo ilipanda mlima wa sokoni kwa gia ya tatu, nayo imebeba magunia kumi. Siku hizi yadai gia ya kwanza hata ikiwa tupu, na mara nyingine yasimama katikati ya mlima. Baraza la kanisa limekutana. Mzee wa kwanza asema, "Injini imekufa. Tufanye harambee tununue nyingine." Mzee wa pili anamwinamia jirani yake na kunong'ona, "Dereva anauza dizeli yetu na kujazia mafuta ya taa." Wa tatu asema, "Tuliuze kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, tupumzike." Hukumu tatu zimekwisha kutolewa, wala hakuna hata mmoja aliyefungua boneti.

Ndugu wasikilizaji, kabla hatujachagua moja katika hukumu hizo, yatupasa tujue injini ya dizeli yapata wapi nguvu zake. Mtu aliyeibuni aliitwa Rudolf Diesel. Alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani, na injini yake ilifanya kazi vizuri katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Injini hiyo haina plagi za kutoa cheche kama ile ya petroli. Pistoni huivuta hewa ndani ya silinda, kisha huibana kwa nguvu nyingi. Katika injini nyingi za zamani hewa hubanwa hata ikabaki nafasi ya sehemu moja kati ya ishirini hivi. Hewa ikibanwa namna hiyo hupata moto, ikapita nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu mwembamba, na dizeli hiyo huwaka yenyewe. Ndiyo yote.

Basi mambo yanayotakiwa ni manne tu. La kwanza ni hewa safi ya kutosha. La pili ni dizeli safi, kwa kiasi chake na kwa wakati wake. La tatu ni silinda inayobana vizuri. Na la nne ni njia ya kuzifikisha nguvu hizo barabarani zisipotee katikati. Gari likikosa nguvu, moja katika hayo manne limepungua. Kazi ya fundi mwema ni kuuliza ni lipi. Anayeanza kwa kununua injini mpya amejibu kabla ya kuuliza.

Swali la kwanza ni hili: je, nguvu zimepotea kweli? Injini hizi za zamani hazikuzaliwa na nguvu nyingi. Land Rover ya dizeli ya lita mbili na robo, ambayo wengi wetu twaikumbuka, ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 60 tu. Tena hewa ya milimani ni nyepesi. Gari likitoka Mombasa kando ya bahari na kupanda hadi sehemu za Limuru, zilizo juu zaidi ya mita 2,000, hukuta kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu sehemu moja katika tano. Gari lililokuwa likikimbia vizuri pwani litapumua kwa taabu huku juu, wala si kwamba limeharibika. Kwa hiyo usilinganishe gari lako na la jirani. Lilinganishe na lenyewe. Chagua mlima mmoja, mzigo mmoja na gia moja. Pima kwa saa lachukua dakika ngapi kupanda, uandike. Kila utakapotengeneza kitu, rudi mlima ule ule upime tena. Bila hivyo utakuwa ukisema, "Naona kama limepata nafuu," na kuona kama si kuona.

Swali la pili: ugonjwa ulianza lini, na kwa namna gani? Kama ulianza siku moja tu baada ya kujaza mafuta, tazama mafuta. Kama ulianza baada ya fundi kulishika gari, tazama alichokishika. Kama ulikuja polepole kwa miaka, fikiri juu ya kuchakaa. Na ni nani ajuaye majibu haya? Ni dereva. Yeye ndiye alalaye na kuamka na gari hilo. Katika mfano wetu baraza limekaa saa mbili likimzungumzia dereva, naye amesimama nje chini ya mti, wala hakuna aliyemwita. Tutarudi kwake.

Swali la tatu ni moshi. Mtu mmoja akae nyuma ya gari na kutazama eksozi linapopanda mlima, kwa maana moshi ni ulimi wa injini. Moshi mweusi mwingi wasema kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa. Huenda filta ya hewa imeziba, au nozeli zinadondosha matone badala ya kunyunyiza, au kuna fundi aliyeifungulia pampu kupita kiasi. Moshi mweupe wenye kuuma macho, na injini imekwisha pata moto, wasema kwamba dizeli yatoka bila kuungua. Yawezekana yaingia kwa kuchelewa, au silinda haibani. Lakini moshi mweupe kama mvuke, na huku maji ya rejeta yanapungua kila siku, ni hatari: maji yanaingia ndani ya silinda kwa gaskiti iliyoungua au kichwa kilichopasuka. Hapo simamisha gari, usiendelee. Moshi wa buluu wasema kwamba oili ya injini inaungua, yaani ringi au vali zimelika.

Na kuna hali ya mwisho ambayo wengi huisahau. Injini nzee ikikanyagwa sana mlimani, kwa kawaida hutoa moshi mweusi kidogo. Kama haitoi moshi wowote, wala haivuti, basi dizeli haifiki. Injini ina njaa. Wala mwenye njaa hapasuliwi tumbo, hupewa chakula.

Sasa tuingie kazini. Twaanza na vitu visivyogharimu kitu, kisha vya gharama ndogo, na vya gharama kubwa tutaviacha mwisho. Tena twatengeneza kimoja, twapima, ndipo twaenda kwa kingine. Fundi abadilishaye vitu vitano kwa siku moja, gari likipona hajui kilicholiponya, na kesho likiugua tena atavibadilisha vyote vitano.

Kwanza, tazama kama kuna kitu kinacholizuia gari. Liendeshe mahali tambarare bila kukanyaga breki sana, kisha ulisimamishe polepole. Sogeza kiganja karibu na kila gurudumu, lakini usiguse chuma. Gurudumu moja likiwa na joto jingi kuliko mengine, breki yake haiachii, na injini imekuwa ikivuta mlima na breki pamoja. Kisha sikiliza klachi. Ukiwa mlimani kwa gia ya juu, ukikanyaga mafuta na mlio wa injini ukapanda lakini mwendo usiongezeke, injini ni nzima. Klachi ndiyo inayoteleza. Ni wangapi waliofungua injini kwa kosa la klachi!

Pili, tazama kanyagio la mafuta. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage mpaka mwisho, na mwingine atazame chini ya boneti kama mkono wa pampu wafika mwisho wake. Kebo kuukuu huvutika na kulegea, na zulia la sakafuni likikunjika chini ya kanyagio huzuia mguu. Gari lililonyimwa robo ya mwendo wa kanyagio limenyimwa sehemu ya dizeli yake. Lakini angalia sana: mkishakaza kebo, msiguse ile skrubu ya pampu iliyofungwa kwa lakiri au waya. Kuna mafundi wepesi wa kuifungua ili gari lipate nguvu upesi. Litapata nguvu kweli, pamoja na moshi mweusi na joto jingi, hata siku moja pistoni iyeyuke.

Tatu, tazama hewa. Barabara zetu za muramu zina vumbi, na filta ya hewa hulimeza lote. Itoe, uielekeze kwenye jua, utazame kutoka ndani. Usipoona mwanga, injini inapumua kupitia blanketi. Kama ni filta ya oili, ile ya bakuli, utakuta matope chini. Osha, tia oili mpya kwa kipimo. Kagua pia mpira wa hewa utokao kwenye filta kuelekea injini. Mpira mzee ulio laini hunyonywa ukabanana wakati injini inapokimbia, kisha hurudi umbo lake injini inapozimwa, hata mtu asione kosa. Na panya nao hupenda kujenga humo. Lakini usithubutu kuendesha gari bila filta kwenye vumbi, hata kwa siku moja. Vumbi ndani ya silinda ni msasa.

Nne, tazama eksozi. Jiwe la barabarani likiligonga bomba likabonyea, moshi hauna pa kutokea, na hewa mpya haina pa kuingilia.

Tano, tufuate njia ya dizeli kutoka tangini, na hapa ndipo magari mengi makuukuu huugulia. Anza na kifuniko cha tangi. Dizeli ikitoka tangini, yapasa hewa iingie kushika nafasi yake. Katika magari mengi hewa hiyo hupitia tundu dogo sana kwenye kifuniko, au bomba dogo kando yake. Tundu likizibwa na matope, tangi hujinyonga lenyewe: pampu yavuta, dizeli yakataa kuja. Gari linapolegea, simama mahali salama, fungua kifuniko usikilize. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo, "fyuu," na gari likavuta tena, umepata mwizi wako.

Kisha fungua kizibo kidogo kilicho chini ya filta ya dizeli, ukinge kinachotoka kwa chupa nyeupe ya kioo. Iache itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yatakaa chini, utayaona kwa macho. Ukikuta utelezi mweusi, jua kwamba vijidudu vimeota tangini mahali maji na dizeli vinapokutana. Hapo kubadilisha filta peke yake hakutoshi, sharti tangi lioshwe. Baada ya hapo tazama mipira. Mpira wenye ufa upande wa kuvuta hautavuja dizeli nje. Utavuta hewa ndani. Fundi akitia kipande cha mpira unaoonyesha ndani karibu na pampu, ataona mapovu yakipita.

Kuna jaribio moja la kukata shauri. Chukua mtungi safi wenye dizeli safi, uufunge imara mahali palipo juu kuliko pampu na mbali na eksozi. Vuta mpira kutoka mtungini hadi kwenye filta, na ule mpira wa kurudisha dizeli uurudishe mtungini pia. Kisha fundi aende nalo mlima ule ule. Likipanda kama zamani, injini yako ni nzima, pampu kubwa ni nzima, nozeli ni nzima. Kosa liko nyuma, kati ya tangi na filta. Kwa mtungi mmoja mmeokoa harambee nzima. Lisipobadilika, badilisha filta ya dizeli, jaribu tena. Na hapo ndipo mtakapokuwa na ruhusa ya kuingia ndani zaidi.

Sita, nozeli. Injini ikiwa inanguruma polepole, fundi hulegeza nati ya bomba la kila nozeli, moja baada ya nyingine. Mlio ukibadilika na injini ikatetemeka, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Mlio usipobadilika, umempata mvivu. Lakini hapa twawaonya kwa sauti kubwa: hii ni kazi ya fundi mwenye miwani na kitambaa kizito, wala si ya vijana wanaocheza. Dizeli itokayo kwenye nozeli ina msukumo wa kupenya ngozi kama sindano. Usiweke mkono mbele yake kamwe. Mtu akichomwa hivyo, kidonda chaweza kuonekana kidogo kama cha mwiba, naye apelekwe hospitali mara moja, kwa maana mkono waweza kupotea.

Saba, na ya mwisho, ni kupima mbano wa silinda na kuipeleka pampu kwa wenye mashine ya kuipimia. Kipimo cha injini ya petroli hakifai, kwa kuwa mbano wa dizeli utakivunja. Katika injini nyingi za zamani mbano mzuri ni kama kilo 25 hadi 32 kwa kila sentimeta ya mraba, lakini kitabu cha gari lako ndicho mwamuzi. Tena kumbukeni ile hewa nyepesi: kipimo kitakachosomwa Limuru kitakuwa chini ya kile cha Mombasa, hata kama injini ni ile ile. Tazama zaidi kama silinda zote zalingana. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, hiyo ndiyo mgonjwa. Hapo, na hapo tu, ndipo neno la kufungua injini linapostahili kutajwa barazani.

Sasa turudi kwa dereva wetu chini ya mti. Tuseme mama mmoja wa baraza, mwenye busara, asimama na kusema, "Wazee, mbona hatujamwuliza?" Dereva aitwa. Aulizwa gari laumwa namna gani. Naye asema, "Asubuhi lawaka mara moja, tena lavuta vizuri. Baada ya nusu saa laanza kulegea, na mlimani lasimama. Nikipumzika dakika kumi, lavuta tena."

Yapimeni maneno hayo, ndugu zangu. Injini iliyochakaa huwa mbaya zaidi asubuhi, ikiwa baridi. Huwaka kwa shida na kutoa moshi mweupe. Hii yawaka mara moja. Basi hukumu ya kwanza imeanguka. Mafuta yaliyochanganywa hayajitengi kwa kupumzika dakika kumi; yangekuwa mabaya asubuhi, na mchana pia. Basi hukumu ya pili imeanguka. Kitu kinachokuja polepole na kuondoka gari likipumzika ni kitu kinachoziba na kuzibuka: takataka tangini zinazovutwa kwenye mdomo wa bomba kisha zikazama, au hewa isiyoingia upesi tangini ila kidogo kidogo. Watoka nje wote. Waenda na gari mpaka lilegee, wafungua kifuniko: fyuu! Wakitazama, ni kifuniko kisicho na tundu, kilichonunuliwa na baraza lenyewe kwa bei rahisi, cha gari la namna nyingine, kile cha zamani kilipopotea. Hukumu ya tatu nayo, ya kuuza gari kama vyuma vikuukuu, imeanguka hapo hapo kwenye majani.

Hatusemi kwamba madereva wote ni malaika. Mafuta huibiwa, na mafuta huchanganywa. Jambo hili lilienea hata mwaka 2018 serikali ya Kenya ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili watu wasipate faida kwa kuyatia katika dizeli. Tena mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli ilainishavyo, na pampu huharibika. Kwa hiyo mzee aliyeshuku hakushuku jambo lisilokuwako duniani. Kosa lake ni kunong'ona badala ya kuchunguza. Kama wataka kujua, weka daftari garini: tarehe, kilomita, lita zilizotiwa, kituo zilikonunuliwa, na risiti yake. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litasema lenyewe. Litamfichua mwizi, nalo litamlinda mwaminifu. Mnong'ono hauwezi kufanya lolote katika hayo mawili; wamchafua mwaminifu, na mwizi wampa nafasi ya kujiandaa.

Na jambo moja zaidi, la usalama. Wakati ugonjwa haujajulikana, msilipakie gari hilo watu mkalipeleka milimani. Likizimika likiwa linapanda, weka jiwe kubwa nyuma ya gurudumu kabla mtu hajashuka kusukuma. Wala dereva asishuke mlima injini ikiwa imezimwa ili kuokoa mafuta. Katika magari mengi ya dizeli msaada wa breki hutoka kwenye pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa, baada ya kukanyaga mara chache kanyagio huwa gumu kama mwamba, na huko chini pana daraja.

Wapenzi wasikilizaji, twaona basi kwamba yote haya yalitaka vitu viwili: mpango na subira. Shilingi za harambee ile zingetoka kwa mjane aliyeuza mayai na kwa kijana aliyevuna chai. Na huyo dereva ana mke, ana watoto shuleni; kwa mnong'ono mmoja angepoteza kazi, na jina lake lisingerudi tena kijijini. Nikodemo naye aliwakumbusha wakubwa wenzake kwamba mshtakiwa asikilizwe kwanza, nao walimdhihaki. Huenda nawe utadhihakiwa barazani ukisema, "Tumwite kwanza." Sema hata hivyo.

Tena si magari tu yanayokosa nguvu. Yuko mwalimu wa watoto aliyekuwa wa kwanza kufika kila Jumapili, na sasa haonekani. Yuko mama aliyekuwa nguzo ya kwaya, sasa akaa nyuma na kunyamaza. Sisi tu wepesi wa kusema, "Huyo amepoa, amekwisha." Pengine hajaisha. Pengine ametoa na kutoa miaka mingi, wala hakuna tundu hata moja la kumwingizia hewa. Nenda kwake juma hili. Usiende na hukumu, nenda na swali: "Ilianza lini, dada yangu?" Kisha keti, usikilize mpaka mwisho.

Muda wetu umekwisha. Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu, awalinde wote walio safarini leo, na madereva wetu wote. Kwaherini.